Cheti cha Pili cha Rozi

Jumanne ya tarehe 10 Septemba 2013, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mwanamume mrefu aliyevaa suti ya kijivu alifika kwenye baraza la shule ya chekechea mtaa wa Majengo, Tunduma, akasema amekuja kumchukua mwanawe Rozi. Mwalimu alimfahamu baba yake Rozi. Hakuwa huyu.

Mwalimu hakubishana naye. Alimwomba karatasi, na yule mtu akatoa bahasha ya kaki aliyoishika kwapani kama kitu cha thamani. Ndani mlikuwa na picha moja na cheti cha kuzaliwa. Cheti kilisema: Rozi Osea Silungwe, wa kike, amezaliwa Mbozi tarehe 3 Agosti 2009. Baba, Osea Silungwe, raia wa Zambia. Mama, Enesi Nzunda.

Mwalimu alilisoma jina la mama mara mbili. Enesi Nzunda ndiye fundi cherehani aliyeshona sare za darasa zima.

"Nisubiri hapo hapo, baba," alisema. Akaingia ndani na bahasha, akafunga mlango, akapiga simu.

Nje, wazazi wawili waliokuwa getini walianza kumuuliza yule mgeni anamtafuta nani. Mmoja akataja wizi wa watoto. Hakupaza sauti, lakini neno hilo Tunduma halihitaji kupazwa. Yule mtu akageuka, akashika njia ya mpakani kwa hatua za haraka. Polisi walipofika alikuwa ameshavuka kuingia Nakonde, upande wa Zambia. Bahasha ilibaki mkononi mwa mwalimu.

Jalada lilifunguliwa na Sajini Restuta wa dawati la watoto, mwanamke wa makamo aliyehamishiwa Tunduma wiki tatu tu kabla, akitokea Biharamulo. Saa tano na nusu wazazi wa Rozi walikuwa mbele ya meza yake. Baba, Jairo Haonga, alikuwa fundi wa malori, na oili ilikuwa bado mikononi. Enesi alikuja na futi ya kushonea shingoni. Nyuma yao alisimama mdogo wake Enesi, Loisi, mfanyabiashara wa vitenge, amempakata Rozi mwenye umri wa miaka minne.

Restuta aliweka picha mezani kwanza. Ilikuwa ya studio. Nyuma palining'inizwa pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Mwanamume wa suti ya kijivu alikuwa ameketi kwenye kiti, Rozi yuko magotini mwake, amevaa gauni la njano lenye marinda. Pembeni chini kamera ilikuwa imechapa tarakimu za rangi ya chungwa: 24/08/2013, 11:40.

"Mnamjua mtu huyu?"

"Hapana," alisema Jairo.

"Simjui," alisema Enesi. "Na gauni hilo si la mwanangu."

"Tarehe ishirini na nne mwezi uliopita mtoto alikuwa wapi?"

Mume na mke wakatazamana.

"Lusaka," Enesi alijibu polepole. "Tulikwenda kutembea. Sisi wote."

Restuta akamgeukia mtoto. "Rozi, ulipiga picha hii na nani?"

Rozi aliitazama picha, akaziba mdomo kwa viganja viwili. "Siri," alisema nyuma ya vidole, kisha akaficha uso kifuani kwa mama yake mdogo.

Kazi yake ilikuwa imemfundisha Restuta asimshinikize mtoto mbele ya watu wazima. Siri ya Rozi ilikuwa ya mmoja kati ya watu waliokuwa ndani ya chumba kile, na hakujua ni nani. Akaiacha. Akaweka cheti mezani.

Jairo ndiye aliyekichukua. Alisoma kwa kufuata mistari kwa kidole cheusi, na kidole kilipofika kwenye jina la baba kilisimama. Kikashuka hadi jina la mama.

"Enesi," alisema mwishowe. "Miaka minne nimemlea mtoto wa nani?"

"Jairo, mimi sijui karatasi hii imetoka wapi."

"Jina lako limeandikwa. Lote."

Rozi, aliyesikia sauti ya baba yake imebadilika, alinyoosha mikono abebwe. Jairo alimtazama, mikono akaiacha ilipokuwa. Loisi akamvuta mtoto, akambembeleza. Enesi aliyaona yote hayo, na Restuta akamwona Enesi akiona.

*

Restuta aliwahoji mmoja mmoja. Alitaka siku ile ya Lusaka saa kwa saa.

Jairo alianza. Alisema safari ilizungumzwa nyumbani tangu Juni. Ijumaa mchana walipanda basi Nakonde, Jumamosi asubuhi wakashukia Lusaka, wakapokewa na binamu yake Lusubilo, seremala anayeishi huko. Jioni ile ile walipanda basi la kurudi.

"Nani aliyetoa wazo la safari?"

"Sikumbuki. Wanawake ndio walioanza."

"Nitajie saa."

Jairo aliigusa saa yake ya mkononi. "Nitakutajia bila kubahatisha, afande. Saa hii sikuigusa tangu natoka Tunduma mpaka narudi. Saa nne tulikuwa kwenye sanamu ya uhuru, yule mtu anayekata minyororo. Rozi alitaka kujua alifungwa kwa kosa gani. Saa tano tukaingia makumbusho. Saa tano na robo nikamchukua mtoto, nikamweka mabegani, nikaenda naye madukani Kamwala kutafuta kifaa cha gia. Njiani nikampandisha lifti kwenye jengo moja refu, akafurahi sana. Tukarudi saa sita na dakika kumi. Saa sita na nusu tukaenda kula."

"Kwa hiyo saa tano na dakika arobaini ulikuwa naye peke yako."

"Nilikuwa naye Kamwala."

Restuta alimwonyesha tarakimu kwenye picha. Jairo alizisoma, akapangusa mikono kwenye suruali ingawa oili ilikuwa imeshakauka.

"Sikuingia studio yoyote," alisema.

"Kuna mtu aliyekuona Kamwala?"

"Mji wa wageni. Nani anijue?"

Enesi alipoingia hakukaa mpaka alipoambiwa. Maelezo yake yalifanana na ya mumewe kuhusu sanamu, makumbusho na Kamwala. Aliongeza aliyoyakumbuka kama mama: kwamba Rozi aliogopa kinyago kimoja cha makumbusho; kwamba viatu vilimbana; kwamba siku ile nzima mtoto hakula chakula cha maana, hata nshima, ugali wa huko, na samaki hakugusa, akasema ameshiba aisikrimu.

"Wazo la safari lilikuwa la nani?"

"La mdogo wangu. Yeye huenda Lusaka kufuata vitenge, anaujua mji. Alisema mtoto aone magorofa angali mdogo, atakumbuka. Tena nauli yangu na ya Rozi alinilipia yeye."

"Loisi ana mtoto?"

Enesi aliivua futi shingoni, akaikunja taratibu mpaka ikawa kidonge kidogo. "Hana," alisema.

Loisi alieleza kwa sauti ya chini na machozi ya karibu. Alisema saa zenyewe hakuziangalia, yeye alikuwa akitembeza watu. Ndiyo, alimsaidia dada yake mtoto mara mbili tatu, chooni, dukani. Ndiyo, shemeji aliondoka na mtoto peke yake kwa muda mrefu, wakaanza hata kuwa na wasiwasi.

"Shemeji ni mtu mzuri, afande," alisema. "Kama amefanya jambo, labda alikuwa na sababu zake."

Saa tisa alasiri Restuta alimpata Lusubilo kwa simu. Seremala yule alikuwa mtu wa maneno machache, na nyuma yake msumeno ulikuwa ukinguruma.

"Saa tano na nusu mpaka saa sita na nusu ya siku ile, Jairo alikuwa wapi?"

"Mbele yangu, mezani. Tulikuwa tunakula."

"Una hakika na saa?"

"Nina hakika. Yule mama wa hoteli hafungui chakula kabla ya saa tano na nusu. Sisi ndio tulikuwa wa kwanza."

Restuta akakata simu, akatazama madaftari yake mawili. Jairo alisema saa tano na nusu alikuwa Kamwala na mtoto. Binamu yake akasema saa hiyo hiyo wako mezani. Mmoja alikuwa mwongo, na aliyekuwa na haja ya kudanganya ni aliyekuwa na mtoto wakati picha inapigwa. Huenda pia binamu alipangwa kumtetea, nao hawakulinganisha maneno vizuri. Saa kumi na nusu alimwambia Jairo avue mkanda na viatu.

Enesi alikuwa bado kwenye benchi la nje. Alimwona mumewe akipitishwa peku.

"Mwulizeni vizuri," alimwambia Restuta bila kumtazama Jairo. "Mwulizeni alimuuza kwa kitu gani. Halafu anaandika jina langu, ili mimi ndiye niwe malaya."

Jairo alisimama. "Enesi," alisema, lakini askari alikuwa ameshafungua mlango wa pili.

Loisi akamfunika dada yake mabega kwa kitenge, akamwongoza nyumbani.

*

Jumatano asubuhi zilikuja habari kutoka Vwawa, makao ya wilaya. Namba ya cheti ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, mwanamume mtu mzima wa Itumba. Muhuri ulikuwa wa kuchongwa. Cheti kilitengenezwa mtaani, lakini aliyekiagiza alijua tarehe ya kuzaliwa ya Rozi na jina kamili la Enesi.

Kilichobaki ni Osea Silungwe mwenyewe. Polisi wa Nakonde walimfahamu: mfanyabiashara wa mbao wa Lusaka, Mnamwanga kwa kabila, ambaye mjomba wake anaishi mitaa ya karibu na stesheni. Restuta alipewa miadi ya saa nne. Alivuka kwa miguu katikati ya malori, akafika dakika kumi kabla ya wakati, akakaa. Baada ya nusu saa aliinuka, akaenda kaunta.

"Inspekta wenu aliniambia saa nne."

Askari wa kike wa upande wa pili alitabasamu, akatumia neno lao la heshima. "Atakuja saa nne, mukwai. Tulia tu."

"Saa nne imeshapita."

"Kwenu. Hapa kwetu ni saa tatu na dakika ishirini." Akanyoosha kidole kwenye saa ya ukutani. "Wageni wengi hupotea hivyo. Nyie mko mbele kwa saa moja."

Restuta alitazama saa ile ya ukutani. Wenyeji wa Tunduma walilijua jambo hili tangu utotoni, na kwa sababu hiyo hakuna aliyefikiria kumwambia. Alirudi kwenye benchi, akaitoa picha kwenye mkoba, akaiweka gotini.

Kamera ya studio ya Lusaka. Saa tano na dakika arobaini ya Lusaka. Kwa saa ya Jairo, ambayo hakuigusa kutoka Tunduma mpaka kurudi, ilikuwa saa sita na dakika arobaini. Wakati huo Jairo alikuwa ameshatoka Kamwala na mtoto amemrudisha. Alikuwa mezani. Lusubilo, mkazi wa Lusaka, alitaja saa za Lusaka. Jairo alitaja saa za nyumbani. Wote wawili walikuwa wamesema kweli, na mmoja alikuwa amelala mahabusu kwenye sakafu ya sementi.

Alimpigia seremala pale pale.

"Bwana Lusubilo, swali moja. Mlipokuwa mnakula, mtoto alikuwa mezani?"

"Hapana. Alikuwa analialia, yule mama yake mdogo akasema anampeleka kununua aisikrimu. Walikawia, karibu saa nzima. Nshima ya mtoto ikapoa mpaka ikafanya ngozi."

"Mbona jana hukuniambia?"

"Jana hukuniuliza habari za mtoto, mama. Uliniuliza habari za Jairo."

Inspekta alipofika, Restuta aliomba kuzungumza na Osea kwa simu tu. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuchoka. Alisema yeye si mwizi. Alisema atakuja Tunduma kesho, lakini kwa sharti moja: mama wa mtoto awepo, aseme mbele ya serikali yale anayomwambia kwenye simu.

"Atakuwepo," alisema Restuta.

Alasiri ile alimwachia Jairo, akamwomba arudi kesho yake saa nane na asizungumze na mtu. Kisha akaenda shuleni. Alikaa na Rozi sakafuni pembeni ya darasa, wakiwa na mwalimu peke yake, akimsaidia kupanga vifuniko vya soda kwa rangi. Hakutaja picha. Rozi ndiye aliyeanza, alipofika kwenye kifuniko cha njano.

"Nilikuwa na gauni hivi. Tukaliacha kwa yule anko."

"Mlikuwa mnafanya nini na gauni?"

"Tulikuwa tunacheza. Mama mdogo akawa mama." Akakiweka kifuniko mahali pake. "Mimi nikakosea mara moja nikamwita mama mdogo, akanifinya."

*

Alhamisi saa nane mchana, Restuta aliwaketisha watatu upande mmoja wa chumba: Jairo, Enesi, na kati yao Loisi, aliyekuwa amemshika dada yake mkono. Jairo alikuwa amelala gereji usiku uliopita. Tangu aachiwe, yeye na mkewe hawakuwa wamesalimiana.

Mlango ulifunguliwa, akaingia Osea Silungwe akiwa na askari mmoja. Alivaa suti ile ile. Mkononi alikuwa na mfuko wa kitambaa, na ndani yake ukingo wa kitu cha njano ulionekana. Alisalimia kwa heshima, kisha macho yake yakapita juu ya Enesi kama mtu anayempita mgeni, yakasimama kwa Loisi.

"Enesi," alisema. "Siku mbili simu yako haipatikani. Kwa nini unanifanya nionekane mwizi wa mwanangu?"

Enesi aliutazama mkono wa mdogo wake ulioshika wa kwake. Akautoa mkono wake taratibu, akauweka juu ya paja.

"Bwana Silungwe," alisema Restuta, "huyo unayemwita Enesi anaitwa Loisi. Enesi ni huyu. Ndiye aliyemzaa Rozi, na huyu ni mumewe."

Osea alitikisa kichwa. "Hapana, mukwai. Loisi ndiye dada yake. Ndiye anayemng'ang'ania mtoto."

"Ndivyo ulivyoambiwa?"

"Miaka minne. Kwamba mtoto analelewa na dada yake mkubwa, Loisi, na kwamba dada ni mkali, hataki kumtoa. Kila mwaka natumiwa picha. Mwaka huu nikasema basi, nimwone kwa macho yangu. Tukaonana Lusaka, studio, saa moja tu, akaniambia dada yuko karibu, tufanye haraka. Nikataka cheti ili nimwandikishe shule. Akanipa. Baada ya hapo kila nikiuliza naambiwa ngoja. Sikungoja. Jina la chekechea nililisoma kwenye sare, kwenye picha mojawapo aliyonitumia."

Restuta akamgeukia Loisi. "Uliwatoa watu hawa nyumbani kwao, ukawalipia nauli, ili umpeleke mtoto mikononi mwa mtu huyu kwa saa moja. Walipokuwa wanakula, ulimvalisha gauni, ukamfundisha akuite mama. Juzi ulinieleza kuhusu shemeji yako kwamba huenda alikuwa na sababu zake. Leo nipe zako."

Loisi hakulia sasa. Alizungumza akiwa anaitazama sakafu.

"Mwaka wa elfu mbili na nane sikuwa na hati ya kuvukia. Nikawa navuka na ya dada. Siku ya kwanza kukutana na Osea aliona hati, akaniita Enesi. Sikumrekebisha. Niliona haina uzito, ni mtu wa njiani tu. Baadaye nikashika mimba, na alikuwa amenipenda kweli, ameshaniahidi ndoa. Nilikwenda Isansa kwa mama kujifungua. Mtoto alizaliwa amekufa. Wiki ile ile dada akamzaa Rozi."

"Kwa nini hukusema?" aliuliza Osea. Alikuwa bado amesimama.

"Mke wako wa kwanza ulimwacha kwa sababu hakuzaa. Uliniambia mwenyewe. Nikasema nitakwambia mwezi ujao. Nikakutumia picha ya Rozi ili unipe nafasi ya kupumua. Ukalia kwenye simu kwa furaha. Ukaanza kutuma mahitaji ya mtoto. Kila mwaka nilipanga nikwambie ameugua homa amefariki, yaishe. Nilikuwa nikimtazama Rozi anacheza nashindwa kulitamka."

"Na nilipokuwa ndani?" aliuliza Jairo. "Ulishindwa kunitamka mimi pia?"

Loisi akamgeukia dada yake.

Enesi ndiye aliyezungumza, na alizungumza Kinyiha kwanza, sentensi moja ambayo Restuta hakuielewa na ambayo ilimfanya Loisi azibe uso. Kisha akaendelea kwa Kiswahili, ili wote wasikie.

"Siku ile Isansa nilikuwa na mimba ya miezi tisa nimekushika mgongo. Mimi ndiye niliyemwosha mtoto wako. Ukaniapisha nisimwambie mtu, kwamba watu wasijue ulizaa na mtu asiyekuoa. Hata mume wangu sikumwambia. Juzi afande ameniuliza kama una mtoto, nikasema huna. Nilidanganya polisi kwa ajili yako, huku wewe umeandika jina langu kwenye karatasi, ukakaa pembeni yangu ukinifunika kitenge, ukimtazama mume wangu akiniita mwasherati kwa macho yake."

"Dada, sikudhani angekuja mpaka huku."

"Angempata, Loisi. Mwalimu angekuwa mjinga kidogo tu, leo mwanangu yuko Lusaka na mimi sijui nianzie wapi kumtafuta."

Restuta aliita askari. Saa tisa na dakika tano Loisi alitolewa chumbani, akapita mbele ya dada yake bila kuinua kichwa. Baadaye alifikishwa mahakamani Vwawa kwa kughushi cheti na kwa kula njama ya kumtorosha mtoto, akakiri yote, akafungwa. Mchongaji muhuri hakupatikana.

Jairo alibaki amekaa, viganja katikati ya magoti.

"Enesi, nilikosea," alisema. "Niliona jina nikapofuka."

"Na mimi nilisema umemuuza," alijibu Enesi. "Hayo yangu nitayabeba. Lakini mtoto alikunyooshea mikono, Jairo. Yeye hakuwa ameandika kitu."

Jairo aliinamisha kichwa.

Osea alikuwa ameketi hatimaye kwenye kiti kilichoachwa na Loisi. Ule mfuko aliuweka sakafuni, akausukuma kwa mguu mbali na yeye. Alimgeukia Enesi, na kwa mara ya kwanza akamtazama kama mtu.

"Mama," alisema, "wewe ndiye uliyemwosha. Wangu yuko wapi?"

*

Jumamosi Enesi alimwambia Jairo abaki nyumbani na Rozi. "Mbebe," alisema. "Mtembeze hata mpaka sokoni. Asiulize tena kwa nini hukumpokea." Jairo alimchukua mtoto mabegani kabla hata hajaombwa mara ya pili, na Rozi akamshika masikio.

Enesi na Osea walipanda gari la Isansa wakiwa viti tofauti. Kutoka barabarani walitembea nusu saa. Mama yake Enesi aliwaona wakipita, akatambua wanakoelekea, akarudi ndani.

Mahali penyewe palikuwa nyuma ya mibuni ya zamani, kando ya mfereji. Hapakuwa na msalaba. Palikuwa na mawe matatu ambayo mtu asiyejua angedhani yalitupwa na mkulima. Majani yalikuwa yamefyekwa si muda mrefu. Osea akayatazama majani yale yaliyokatwa.

"Nani hufyeka?"

"Mimi. Nikija kumwona mama."

"Yeye hakuja?"

"Hakuja tena tangu siku ile."

Osea alivua koti la suti, akalikunja, akakosa pa kuliweka, akalishika. "Nilikuwa nafikiria alivyofanana na mimi," alisema. "Rozi. Nilimwonyesha kila mtu dukani. Walisema ana paji langu la uso." Akayageukia mawe. "Huyu naye alikuwa wa kike?"

"Wa kiume."

Alipiga magoti hapo hapo, suruali nzuri ikaingia kwenye udongo. Hakulia kwa sauti. Mkono mmoja ukapapasa jiwe la kwanza, ukaenda la pili, ukarudi, kama hakujua amshike wapi mwanawe.

Enesi alichuchumaa kando yake, akauchukua ule mkono, akauhamisha mpaka jiwe la upande wa mfereji.

"Huku," alisema. "Kichwa kiko huku."